Damu Hii Ni ya Nani? Ushauri kwa Wanaopima Watu na Mifugo

Karatasi ya maabara huweza kumtisha mtu kuliko ugonjwa wenyewe. Ametoka Nyamaiya au Ogembo alfajiri, amelipa, amedungwa, amengoja kwenye benchi mjini Kisii, kisha anakabidhiwa karatasi yenye safu ya herufi na safu ya tarakimu, na pembeni mwa RBC kuna L iliyokolezwa wino. Maana yake ni kwamba chembe nyekundu zimehesabiwa zikaonekana chache. Kabla hajafika kwenye matatu ya kurudi nyumbani ameshapata washauri: mmoja anamwambia apitie soko la Daraja Mbili anunue biti, mwingine anamwelekeza duka la dawa kwenye chupa ya maji mekundu ya kuongeza damu. Nyumbani, ng'ombe wake wa maziwa amepauka ufizi tangu juzi. Kijana wa duka la dawa za mifugo amekuja kwa bodaboda, akamdunga sindano ya rangi ya manjano, akapokea pesa akaondoka, bila kumpima hata joto.

Ushauri wangu kwa mtu huyu na kwa ng'ombe wake ni mmoja. Idadi ya chembe nyekundu haisemi lolote mpaka ujue damu ni ya nani, mwenyewe anaishi mwinuko gani, na ilichotwa namna gani. Ukishayajua hayo, bado litabaki swali la damu hiyo inakwenda wapi, na hapo ndipo fedha nyingi za wakulima wetu zinapopotelea, kwa sababu huanza kununua dawa kabla ya kuuliza.

Tuanze na hesabu yenyewe. Maabara huhesabu chembe zilizomo katika maikrolita moja ya damu, yaani ujazo wa mchemraba wenye upande wa milimita moja. Mwanamume mzima mwenye afya ana chembe nyekundu kati ya milioni 4.5 na 5.9 hivi katika ujazo huo. Mwanamke ana kati ya milioni 4 na 5.2. Ng'ombe ana milioni 5 hadi 10. Mbuzi ana milioni 8 hadi 18. Kuku ana milioni 2.5 hadi 3.5 tu. Ukizitazama tarakimu hizo peke yake utadhani mbuzi ana damu maradufu ya bwana wake, na kuku yuko mahututi. Lakini debe la wimbi lina punje nyingi kuliko debe la mahindi, na yote mawili ni debe moja. Ujazo wa chembe moja, unaoandikwa MCV kwenye karatasi, ni kama 90 kwa mtu, 50 kwa ng'ombe, 20 kwa mbuzi na zaidi ya 100 kwa kuku. Kipimo chake huitwa femtolita, na hakuna haja ya kukijua zaidi ya kulinganisha tarakimu zenyewe. Chembe moja ya damu yako ina ukubwa wa chembe nne za mbuzi wako na ushee.

Jambo hili lina matokeo ambayo wengi hawayatarajii. Mwaka 1953 Mmarekani Wallace Coulter alipewa hataza ya kifaa ambacho wazo lake bado linaendesha mashine nyingi za hospitali: chembe hupitishwa mojamoja kwenye tundu dogo lenye mkondo wa umeme, kila moja inautikisa mkondo kwa kadiri ya ukubwa wake, na mashine inahesabu mitikisiko hiyo. Mashine ya hospitali imepangwa kwa ajili ya binadamu. Kitu kidogo mno inakihesabu kuwa chembe sahani, zile zinazogandisha damu, au inakipuuza kabisa. Ukiingiza damu ya mbuzi humo, sehemu kubwa ya chembe zake nyekundu zitatoweka kwenye hesabu au zitaangukia safu isiyo yake. Kwa kuku mambo huharibika kwa upande mwingine: chembe nyekundu za ndege zina kiini ndani, za mamalia hazina, kwa hiyo mashine inaziona zikiwa chembe nyeupe na kutoa karatasi ya mgonjwa wa saratani ya damu.

Nasema hivi kwa sababu wapo wafugaji wanaomwomba rafiki yao wa maabara ya binadamu awapitishie kichupa cha damu ya mnyama mlango wa nyuma. Waache. Majibu yatakuwa ya uongo, na wanaiweka maabara ya watu kwenye hatari ya magonjwa ambayo hayakupangiwa kushughulikiwa humo. Damu ya mnyama ipitie kwa daktari wa mifugo aliyesajiliwa na Kenya Veterinary Board. Akihitaji maabara kubwa, ya serikali iliyo karibu nasi ni ile ya uchunguzi wa magonjwa ya mifugo ya Kericho, mwendo wa kupitia Keroka na Sotik. Kwa binadamu, tafuta ukutani leseni ya maabara kutoka KMLTTB, bodi inayosimamia kazi hiyo. Isipoonekana, uliza, kuuliza si kukosa adabu.

Je, zahanati isiyo na mashine? Chembe zinaweza kuhesabiwa kwa jicho. Mjerumani Karl Vierordt alifanya hivyo mwaka 1852, na baada yake kikapatikana kioo chenye miraba midogo ambacho wanafunzi wa maabara hufundishwa mpaka leo: damu inazimuliwa mara 200, inawekwa chini ya darubini, inahesabiwa kwenye miraba 80, na jumla inazidishwa kwa 10,000. Ni kazi ya heshima lakini ina makosa mengi. Tone likizidi kidogo, au jicho likichoka, jibu linaweza kukosea kwa asilimia 10 hadi 20. Kwa hiyo mahali pasipo na mashine usiombe idadi ya chembe. Omba hemoglobini, kile kitu chekundu cha ndani ya chembe kinachobeba oksijeni, au omba kile ambacho wataalamu hukiita PCV: damu inatiwa kwenye mrija mwembamba wa kioo, inazungushwa kwa kasi, chembe zinashuka chini na maji ya damu yanabaki juu, kisha sehemu nyekundu inapimwa ni asilimia ngapi ya mrija. Kipimo hiki hakijali chembe ni kubwa au ndogo, ndiyo maana madaktari wa mifugo wanakipenda. Ng'ombe mzima akiwa na 24 hadi 46 hana neno. Mbuzi ni 22 hadi 38. Tahadhari ni moja tu: chembe za mbuzi, kwa udogo wake, zinachelewa kushuka na zinahitaji kuzungushwa muda mrefu zaidi, la sivyo mbuzi anaonekana ana damu kuliko aliyo nayo.

Sasa mwinuko. Oktoba 1968 Naftali Temu, mwana wa Nyamira, aliipatia Kenya medali yake ya kwanza ya dhahabu ya Olimpiki katika mbio za mita 10,000, akamshinda Mamo Wolde wa Ethiopia kwenye hatua za mwisho. Mbio hizo zilikuwa Mexico City, mji ulio zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, ambako wakimbiaji wengi waliotoka nchi za tambarare waliishiwa pumzi. Mwili unaokulia mahali pa hewa nyepesi hutengeneza chembe nyekundu zaidi ili kubeba oksijeni ileile. Sisemi kwamba Temu alishinda kwa ajili ya damu peke yake. Miguu na moyo vilikuwa vyake. Lakini kanuni hiyohiyo inamhusu mama mjamzito wa Borabu anayepimwa leo, na mara nyingi haikumbukwi.

Mji wa Kisii uko takriban mita 1,700, na Nyamira ina miinuko inayopita 2,000. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya 2024 inasema kwamba kwa mtu anayeishi kati ya mita 1,500 na 1,999, mpaka wa upungufu wa damu upandishwe kwa gramu 1.1 za hemoglobini katika kila desilita, na kati ya mita 2,000 na 2,499 kwa gramu 1.4. Mpaka wa kawaida, ule wa pwani, ni 13 kwa mwanamume, 12 kwa mwanamke asiye mjamzito, 11 kwa mjamzito katika miezi mitatu ya kwanza na ya mwisho na 10.5 katikati, 10.5 kwa mtoto wa miezi 6 hadi 23, na 11 kwa mtoto wa miaka miwili hadi minne. Fanya hesabu. Mama wa mjini Kisii mwenye mimba ya miezi minane na hemoglobini ya 11.4 ataambiwa yuko sawa, kwa sababu mashine imewekewa mipaka isiyojali milima. Ukipandisha mpaka hadi 12.1, mama huyo ana upungufu. Kinyume chake, kijana wa Kiabonyoru mwenye hemoglobini ya 17 asitishwe na H kwenye karatasi, ilimradi havuti sigara na hana ugonjwa wa mapafu. Kwa hiyo kaa mbele ya daktari au muuguzi na umuulize waziwazi: mipaka hii imezingatia mwinuko wa hapa? Swali hilo halina gharama.

Namna damu inavyochotwa ni jambo ambalo mpimwaji anaweza kulilinda mwenyewe. Ukichomwa kidole, mkono uwe na joto. Asubuhi za Keroka zinajulikana kwa baridi, basi sugua viganja kwanza. Tone la kwanza lifutwe, lipimwe la pili au la tatu. Kidole kisiminywe kama mtu anayekamua ng'ombe mbishi, kwa sababu maji ya nyama yatachanganyika na damu na hemoglobini itaonekana imeshuka. Kwa damu ya mshipa, kamba ya mkononi isikae zaidi ya dakika moja hivi. Mgonjwa aliyewekewa dripu asichotwe damu kwenye mkono uleule unaoingia maji. Kichupa cha hesabu ya damu ni chenye kifuniko cha zambarau. Kijazwe hadi alama yake, kigeuzwe polepole mara nane hadi kumi, kisitikiswe kama chupa ya dawa ya kikohozi. Ukiona damu imeganda ndani, usikubali ipimwe, dai ichotwe nyingine. Na mtoto anayehara na kutapika, damu yake huwa nzito kwa kuishiwa maji, kwa hiyo hesabu yake inaweza kuwa nzuri leo na ikaporomoka kesho akishanyweshwa. Karatasi nzuri ya mtoto kama huyo isikulaze usingizi.

Karatasi ikifika mkononi, usianze na RBC. Anza na hemoglobini, inayoandikwa HGB au Hb, kisha HCT, ambayo ni ndugu ya ile PCV. Zidisha hemoglobini kwa tatu; jibu likaribiane na HCT. Hemoglobini ya 12 iambatane na HCT ya 36 hivi. Zikiachana sana, ama mashine imekosea ama damu iliharibika njiani, na ni haki yako kuomba irudiwe. Halafu tazama MCV. Kwa mtu mzima ikiwa chini ya 80, chembe ni ndogo, na mshukiwa wa kwanza ni ukosefu wa madini ya chuma. Ikipita 100, fikiria ukosefu wa asidi ya foliki au vitamini B12, pombe, au dawa fulani za virusi vya UKIMWI kama zidovudini. Mweleze daktari dawa unazomeza, hata zile usizopenda kuzitaja.

Sasa ndipo RBC inapopata kazi yake hasa. Watu wawili wana MCV ya 68. Mmoja ana chembe milioni 3.9, mwingine milioni 5.8. Gawanya MCV kwa idadi hiyo: wa kwanza anapata 17, wa pili karibu 12. Ikizidi 13, inaelekea kwenye ukosefu wa chuma, kwa kuwa mwili hauna malighafi na unatengeneza chembe ndogo na chache. Ikiwa chini ya 13, inaelekea kwenye thalasemia nyepesi, hali ya kurithi ambamo mwili unatengeneza chembe ndogo lakini nyingi. Alfa-thalasemia ya namna hiyo imeenea katika sehemu ambako malaria imeishi na watu vizazi kwa vizazi, ukiwemo ukanda wa Ziwa Victoria tunaopakana nao na kuoana nao. Mwenye hali hiyo peke yake kwa kawaida haumwi, na vidonge vya chuma havitambadilishia lolote hata akivimeza mwaka mzima. Mgao huu ni dalili tu, hautoi hukumu, lakini unatosha kumfanya daktari aagize kipimo kinachofuata badala ya chupa ya tatu ya dawa ileile. Kipimo cha selimundu nacho kiulizwe mapema kwa mtoto anayepungukiwa damu mara kwa mara huku akivimba vidole au kulia kwa maumivu ya mifupa.

Na damu ya watu wetu inakwenda wapi? Malaria kwanza. Milima ya Gusii haikuzoea malaria ya mwaka mzima kama kandokando ya ziwa, ndiyo maana ikija huja kwa kishindo. Katikati ya 2002 mlipuko mkubwa ulizikumba wilaya za wakati huo za Kisii na Gucha. Kinga ya watu wa juu ni ndogo, na mtoto aliyekwenda kusalimia jamaa Homa Bay au Migori likizo ya Agosti anaweza kurudi na vimelea vinavyopasua chembe zake nyekundu siku chache baadaye. Hemoglobini inaweza kuendelea kushuka hata baada ya dawa kuviua vimelea, kwa hiyo mtoto arudishwe kupimwa baada ya wiki mbili hata kama anacheza. Mtoto mwenye hemoglobini iliyo chini ya 5, au yeyote aliyepauka viganja na kuhema kwa shida, ni wa kukimbizwa hospitali usiku huohuo. Yeye hana muda wa biti. Kisha kuna minyoo ya safura inayopenyea kwenye nyayo, hedhi nzito ambayo wanawake wengi hawaisemi, na mimba zinazofuatana bila mwili kupumzika. Mwanamume mzima na mama aliyekoma hedhi wenye upungufu wa chuma wachunguzwe tumbo. Kwao damu huwa inavuja mahali, kwenye kidonda cha tumbo au uvimbe wa utumbo, na kuwapa vidonge bila kutafuta ni kuficha moshi.

Kuhusu chakula nitasema jambo moja litakalowaudhi wenzangu wa Kebirigo na Nyansiongo wanaoishi kwa chai. Chai ikinywewa pamoja na chakula huzuia madini ya chuma ya mboga na nafaka yasiingie mwilini, iwe ya maziwa au strungi. Kidonge cha chuma kinachomezwa na kikombe cha chai kimepotea nusu. Ngoja saa moja au zaidi baada ya kula. Chinsaga na rinagu ni mboga nzuri, na desturi ya kumlisha chinsaga mama aliyejifungua ina akili ndani yake, lakini chuma cha mboga hufyonzwa kidogo. Kipe msaada wa chungwa, pera au nyanya mbichi kwenye mlo uleule, na omena au kipande cha nyama kinapopatikana. Biti ina rangi tu; chuma chake ni kidogo. Mama mjamzito apewe na ameze kila siku kidonge cha kliniki chenye miligramu 60 za chuma na mikrogramu 400 za asidi ya foliki, na choo kikiwa cheusi asiogope.

Tuingie bandani. Ng'ombe wa kufugiwa ndani hupungukiwa damu hasa kwa ajili ya kupe, na hapa mazoea yetu ya kusema "ni ndigana" yanatugharimu, kwa sababu kuna ndigana mbili na dawa zake ni mbalimbali. Ndigana kali, inayoletwa na kupe wa kahawia wa masikioni, huvimbisha tezi za chini ya sikio na mbele ya bega, joto linapanda, ng'ombe anahema. Damu si shida yake ya kwanza. Ndigana baridi, inayobebwa na kupe wa bluu, hushambulia chembe nyekundu zenyewe: ufizi unapauka kisha unageuka manjano, kinyesi kinakauka, maziwa yanakatika, lakini mkojo haugeuki mwekundu. Mkojo ukiwa mwekundu kama strungi, mshukiwa ni kimelea kiitwacho babesia, ambacho pia huletwa na kupe wa bluu. Ndama huvumilia ndigana baridi; ng'ombe mzima aliyenunuliwa kwa bei kubwa na kuletwa kutoka mahali pasipo na kupe ndiye anayekufa.

Yule kijana wa bodaboda anaweza kuwa amebeba ndigana baridi mwenyewe. Ugonjwa huu huambukizwa pia kwa sindano iliyotoka kwenye ng'ombe mmoja ikaingia kwa mwingine. Dai sindano mpya ifunguliwe mbele yako. Na kabla dawa yoyote haijaingia, daktari achukue matone mawili ya damu ya mshipa wa sikio, ayapake kwenye vioo viwili, ayaache yakauke hewani. Vioo hivyo ni bora kuliko hesabu yoyote, kwa sababu darubini itaonyesha mdudu mwenyewe ndani ya chembe. Dawa ikitangulia, ushahidi hufutika. Akichota pia kichupa cha zambarau cha kupeleka Kericho, kiandikwe jina na tarehe, kiwekwe kwenye kasha la baridi, barafu ifungwe kitambaa isigusane nacho, damu isigande kwa baridi, na ifike ndani ya saa 24. Apeleke pia maelezo: umri, mimba, alikonunuliwa, dawa alizopewa. Ng'ombe aliyenunuliwa upande wa Lambwe atajwe hivyo, maana huko kuna mbung'o, na nagana, ugonjwa wanaoueneza, hushusha PCV taratibu kwa miezi bila kelele.

Ng'ombe aliyepauka sana asiswagwe kwenda popote. Mwenye PCV ya 12 anaweza kuanguka na kufa kwa kukimbizwa mita hamsini. Daktari aje kwake. Na mnyama aliyekufa ghafla, akitokwa na damu isiyoganda puani au nyuma, asichotwe damu wala kupasuliwa na mtu yeyote wa nyumbani. Huenda ni kimeta, na kimeta huua watu. Piga simu kwa ofisi ya mifugo, fukuza mbwa, ngoja.

Mbuzi na kondoo wana mwizi wao, mnyoo wa tumboni ambaye kila mmoja hunyonya karibu mililita 0.05 za damu kwa siku. Inaonekana si kitu, lakini minyoo 1,000 inachukua mililita 50, na mbuzi wa kilo 25 ana damu isiyofika lita mbili. Mvua zetu hazikauki vizuri mwaka mzima, kwa hiyo mnyoo huyu hana likizo. Kipimo chake ni kope. Afrika Kusini walibuni kadi iitwayo FAMACHA, yenye rangi tano kuanzia nyekundu hadi nyeupe, ya kulinganishwa na ngozi ya ndani ya kope ya chini. Shika mbuzi kwenye mwanga wa jua, fungua kope kwa sekunde chache, linganisha, andika. Tumia kadi halisi, maana picha ya simu hubadili rangi. Mwenye rangi ya nne na ya tano apewe dawa; wa tatu apewe kama ni mtoto, ana mimba au amevimba chini ya taya; wa kwanza na wa pili waachwe. Kuwapa wote kila mara ndiko kulikofanya dawa nyingi zishindwe. Jicho lenye vumbi au ugonjwa huwa jekundu bila damu kuwepo, kwa hiyo tazama macho yote mawili.

Kuku sitakushauri umpime damu. Kishungi kilichopauka, kinyesi chenye damu kwa vifaranga, na utitiri unaoonekana kwa tochi usiku kwenye nyufa za banda vitakueleza mapema kuliko maabara, kwa gharama ya betri.

Lini upime tena? Chembe nyekundu ya mtu huishi siku 120 hivi, kwa hiyo usitegemee muujiza wa wiki moja. Aliyepewa chuma na anakimeza bila chai hupanda hemoglobini gramu moja hadi mbili baada ya wiki nne. Asipopanda, ama hakimezi, ama bado anavuja, ama tatizo halikuwa chuma, na arudi kwa daktari kabla ya kununua kingine. Akipanda, aendelee miezi mitatu zaidi kujaza akiba. Ng'ombe aliyetibiwa ndigana baridi apimwe PCV baada ya wiki mbili hadi tatu. Mbuzi atazamwe kope kila wiki mbili msimu wa mvua. Rudi maabara ileile, kwa mashine ileile, na karatasi ya zamani mkononi. Mama aingize tarakimu zake kwenye kitabu cha kliniki, na ng'ombe awe na daftari lake lililoning'inizwa kwenye nguzo ya banda, mbali na mate yake.